Uwanja Uliosiribwa Ijumaa

Ilembo, Mpanda
Ijumaa alasiri, kesho unaondoka

Kabula mwanangu,

Kama unaisoma barua hii, basi umeshazikuta raba zako ndani ya sanduku, chini ya shuka la bluu, na umeshajiuliza nani kazirudisha. Ni mimi. Nilizikuta uvunguni asubuhi nikifagia, umezisukuma mpaka ukutani, nikajua umeziacha makusudi. Wewe huwezi kusahau raba. Ungesahau kichwa kwanza. Nimezifuta vumbi, barua nimeiweka ndani ya ile ya kushoto, sanduku nimelifunga. Ukikasirika, kasirika ukiwa umekaa.

Salamu sikuandikii, maana leo tumeamkiana na kesho tutaamkiana tena kabla ya kwenda stesheni. Mambo ya chandarua, ya kuchemsha maji na ya kutoazimisha nguo nayo nayaruka. Baba yako atayasema yote dirishani mpaka treni ianze kuondoka, na wewe utakuwa unaitikia bila kusikia, kama kawaida yenu. Sasa hivi mmekwenda Kabungu na baiskeli kumuaga bibi yako. Nyumba imetulia, nami nina jambo ambalo nikilisema kwa mdomo nitalia, au nitaanza kucheka, na vyote viwili vitaliharibu.

Jumapili tulipokuwa tunapukuchua mahindi uliniuliza swali. Ulisema chuo chenu kimeingizwa mwaka huu kwenye ligi ya mpira wa kikapu ya vyuo vya kanda, pamoja na vyuo vingine viwili vipya, na kwamba mwalimu wa michezo aliyekuona ukicheza sekondari amekutumia salamu kwamba anakutegemea. Halafu ukaniita mama kwa Kisukuma, ukasema, "Mayu, hivi shule mpya zikiingia kwenye ligi huwa zinafika wapi?"

Mimi bila kuinua macho nikakujibu, "Huwa zinafungwa."

Ukaendelea kulipukuchua hindi lile lile ambalo halikuwa na punje tena. Baadaye ukasema kama ni kwenda kuaibishwa mbele za watu, bora usome tu ualimu wako umalize. Nikasema haya. Hilo "haya" ndilo lililoninyima raha wiki nzima, na ndilo lililozipeleka raba zako uvunguni.

Sikukudanganya. Shule mpya hufungwa kweli. Lakini nilikujibu kwa hasira ya zamani isiyokuhusu, kwa sababu swali lako ni swali nililokuwa nalo mimi nikiwa na umri mdogo kuliko wako, na nililijibu vibaya kuliko unavyoweza kudhani. Unajua nilicheza nikiwa sekondari. Unajua nilikuwa kepteni. Kila ukiniuliza ikawaje nakuambia tulifungwa, tukaacha, basi. Haikuwa hivyo.

Babu yako alituhamisha kutoka Usukumani na ng'ombe wake nikiwa binti wa shule ya msingi. Tulifikia Kibaoni, kwa Wapimbwe, na kwa muda mrefu jina letu pale lilikuwa "wale waliokuja na ng'ombe". Sisemi walitutesa. Walituonyesha pa kulima, wakatufundisha mpunga, na mpaka leo nina rafiki kule. Ila ukiwa mgeni unazoea kuangalia nyuso za watu kabla hujafungua mdomo. Mimi nilizoea kupita kiasi. Nikawa naogopa kuchekwa kuliko kulala njaa, na ugonjwa huo nilikwenda nao mpaka shule ya masista, nilipofaulu kuingia kidato cha kwanza hapa Mpanda.

Sista Mkuu wetu alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa, na alipenda mpira wa kikapu kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Alichimbia nguzo mbili, akafunga ringi, akatuletea mpira mmoja. Uwanja ulikuwa wa udongo mtupu, na wewe unajua mpira ule kwenye mchanga haudundi, unakufa pale pale. Basi tukafanya kile ambacho kila binti wa kwetu anakijua. Tulichota udongo wa kichuguu, tukauponda, tukauchanganya na mavi ya ng'ombe, tukausiriba uwanja mzima kwa viganja, tumeinama kwa mistari, kama unavyosiriba sebule ukisikia mama mkwe anakuja. Ukipata jua la siku mbili unakuwa mgumu, umenyooka, na mpira unaruka vizuri kabisa. Baada ya wiki unapasuka, mnasiriba tena. Siku yetu ilikuwa Jumatano, ili Jumamosi tucheze. Msimamizi wa kazi hiyo alikuwa kepteni.

Nilipokuwa kidato cha tatu, ligi ya sekondari za wasichana ya kanda ilipanuliwa. Zikaingizwa shule mbili, yetu na moja ya Ufipa, kule juu kwenye baridi. Nyingine zote zilikuwa za zamani, za kando ya reli, zenye viwanja vya saruji na mabinti wa raba nyeupe. Sisi tulifurahi kama tumeshachukua kombe. Tulipanda treni hapa Mpanda kwenda Tabora kwa mechi ya kwanza, tukakaa usiku kucha kwenye mabenchi ya daraja la tatu tukiimba, tukidhani kuimba ni mazoezi.

Ngoja nikusimulie tulivyoingia uwanjani, ucheke kidogo. Walimu wao na wageni walikuwa wamekaa kwenye viti. Sisi tukawafuata moja kwa moja, timu nzima, tukapiga magoti kuwaamkia, mimi mpira nimeukumbatia kifuani. Tumelelewa hivyo, hukuti mtu mzima ameketi ukampita. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Halafu ikaja saruji yenyewe. Mpira wa kwanza nilioudunda ulinirudia puani. Tulikuwa pekupeku na ilikuwa saa saba mchana, kwa hiyo tulicheza tukirukaruka hata pasipo na sababu. Alikuwepo mwenzetu mmoja, Spesiyoza, binti wa Kirundi, mrefu kuliko sisi wote, mwenye mikono inayofika kila mahali. Kila alipomgonga mtu alisimama kumwambia, "Pole dada," na huyo dada alikuwa tayari ameshafika upande wa pili anafunga.

Hesabu ya siku ile siiandiki. Wenzangu kwenye treni ya kurudi walikuwa wanacheka, wanaigizana, wanamwambia Spesiyoza pole dada. Mimi nilikaa pembeni nimejifunika kanga, nasikia kile kicheko cha jukwaani kichwani mwangu. Nilikuwa nimerudi Kibaoni, nimesimama kisimani na watoto wananiiga ninavyotamka.

Sasa hapa ndipo ninapotaka unisikilize, kwa sababu hapa ndipo penye jibu la swali lako, na mimi sikuliona. Mechi ya pili tulifungwa, lakini tulikuwa tumeshajua kufika siku moja kabla na kulala. Ya tatu tulifungwa, lakini Sista alikuwa ameshatutafutia raba za mitumba, nyingine za kiume, tukazijaza matambara mbele. Spesiyoza aliacha kusema pole. Tulijua sasa kwamba marefa wa kule hupiga filimbi kwa jambo ambalo kwetu si kosa, na kwamba ukiwa mgeni huombi maji, unakwenda nayo. Tulikuwa tunafungwa kwa uchache zaidi kila safari. Wenzangu walikuwa wanaziangalia pointi. Mimi nilikuwa nawaangalia watu waliokuwa wanacheka, kama wamepungua au wameongezeka, na kwangu walionekana ni wale wale.

Nikuambie pia kuhusu Spesiyoza, maana bila yeye hutaelewa uzito wa nilichofanya. Wazazi wake walikuwa wamekimbia vita kwao Burundi, wakawekwa Katumba kwenye makazi ya wakimbizi. Kutoka kule kulihitaji kibali, na kibali hakikuwa kitu cha kuomba kwa ajili ya kutembea. Lakini Sista alikuwa akiombea timu nzima ruhusa kwa pamoja, na Spesiyoza akapanda treni kama sisi. Alikuwa anakaa dirishani, hasinzii. Kila stesheni anaitaja jina kwa sauti ya chini, na tukirudi anayataja tena kuanzia mwisho. Aliniambia siku moja kwamba hajawahi kwenda mahali kwa sababu ya furaha, kabla ya ligi ile. Alikuwa amekwenda sehemu moja tu maishani mwake, na alikwenda akikimbia.

Mechi ya mwisho ilikuwa ya nyumbani. Wageni walikuwa wale mabinti wa Ufipa, wapya kama sisi, na hata wao walikuwa wamefungwa kila mechi. Shule nzima ilichangamka. Sista alisema hii tunaiweza. Bwenini waliimba mpaka wakakemewa. Mimi nikaanza kuumwa tumbo.

Nilikuwa nawaza hivi. Kufungwa na wakongwe kunavumilika, unasema wale wana saruji, wana raba, wametangulia. Lakini hawa hawakuwa na saruji, hawakuwa na raba, hata reli hawakuwa nayo. Hawa wakikufunga utasema nini? Itaonekana wazi kwamba haikuwa ugeni, ilikuwa wewe. Mawazo hayo sikumwambia mtu. Niliyabeba wiki nzima kama mgonjwa anayeficha homa ili asipelekwe hospitali.

Jumatano ilipofika, siku ya kusiriba, niliwaambia wenzangu tusubiri. Nilisema mavi ya ng'ombe yaliyopo ni makavu, kuna mabichi yanakuja kutoka kwa Wasukuma wenzangu wa pembezoni mwa mji. Uongo. Mabichi yalikuwepo, yamejaa ndoo nyuma ya jiko. Ilikuwa Machi, mvua zinanyesha zikiacha. Alhamisi nikasema tena tusubiri. Ijumaa baada ya chakula cha mchana, mawingu yametanda, nikawaita wote tusiribe.

Spesiyoza aliangalia juu, akaja karibu yangu, akaniambia taratibu, "Dada kepteni, leo hautakauka."

Nikamjibu kwa sauti ili wote wasikie, "Kesho tuna wageni. Nyie mnataka tuwapokee kwenye vumbi?"

Nani kati yetu angelijibu hilo? Mgeni anakuja, nyumba haijasiribwa, na wewe ni binti umeketi. Wote wakainama wakaanza kazi. Sista alipita, akatuona tumepakaa udongo mpaka viwikoni, akasema vizuri wasichana, hivyo ndivyo wageni wanavyopokewa. Mimi nilikuwa napita nyuma yao na ndoo, naongeza maji. Ule udongo ulikuwa tayari mlaini, nami naongeza maji, na mikono yangu haikutetemeka hata kidogo. Hilo huwa linanishangaza mpaka leo.

Wageni walifika Jumamosi asubuhi kwa lori. Walikuwa wamelala njiani, kwa sababu lori lilikwama na walishuka kulisukuma. Matope yalikuwa yamewakaukia mpaka magotini. Uwanja wetu ulikuwa unang'aa kwa maji. Refa, mwalimu aliyekuja na treni kutoka Tabora, aliinama akakandamiza kwa kidole gumba. Kidole kikazama. Akatikisa kichwa.

Kepteni wao aliitwa Katarina. Alikuwa mdogo wa umbo, ana mwanya, na sauti yake haikufanana na mwili wake. Aliutazama uwanja, akacheka, akasema hata kwao wanasiriba, na dawa yake ni majivu. Akauliza jiko liko wapi. Kabla sijasema neno, mabinti wake walikuwa wameshakwenda jikoni, wanarudi na majivu kwenye nyungo, wanayatawanya. Wenzangu nao wakakimbilia jikoni. Ukawaona wanapishana, wao na sisi, majivu yamewajaa nyusoni mpaka huwezi kujua huyu wa shule gani. Walikuwa wanacheka. Na uwanja ukaanza kushika, Kabula. Niliona kwa macho yangu unaanza kushika.

Refa akanijia. Alisema mimi ndiye kepteni mwenyeji, kama nakubali, wasubiri kidogo kisha wacheze. Wote wakasimama kunitazama. Spesiyoza alikuwa na ungo mkononi.

Nikasema, "Watu watateleza wavunjike. Hawa ni wageni wetu. Hatuchezi."

Nilisema kwa upole sana, kwa sauti ya mwenyeji anayewahurumia watu wake. Ndicho ninachokionea haya kuliko vyote. Mtu akidanganya kwa ukali angalau anaonekana anapigana na kitu.

Chakula kilikuwa kimeshapikwa, wali wa Mpimbwe na nyama, tukala pamoja. Desturi ni desturi. Katarina alikaa karibu yangu akala vizuri, akasifu mchuzi, akaniuliza kwetu wapi. Hakuna aliyetaja mpira. Wakati wa kuondoka, wenzake wameshapanda lori, alinishika mkono kuniaga akasema kitu ambacho ningependa asingekisema.

"Mngetufunga, dada. Njia nzima tulikuwa tunaambiana hivyo. Ila tukasema, tuje tu."

Akapanda, wakaondoka wakiimba.

Siku chache baadaye Sista Mkuu aliniita ofisini. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi. Yeye aliniuliza jambo moja tu, kama Jumatano ile kulikuwa na mavi mabichi ya ng'ombe. Nikasema yalikuwepo. Akanyoosha mkono nikampa ufunguo wa stoo ya mipira, naye akarudi kwenye kazi zake. Ligi ilitutoa. Walisema shule isiyoweza kuandaa uwanja haijawa tayari, na mwenye kulaumu alaumu, mimi siwezi. Mvua zilizofuata uwanja ulilimwa karanga. Zile nguzo zilibaki zimesimama katikati ya karanga mpaka mchwa wakazimaliza. Mwaka jana, wakati wa kampeni zile za vyama vingi, mgombea mmoja alisimama pale pale akaahidi kujenga uwanja wa saruji. Watu walipiga makofi. Mimi nilishika njia nikarudi nyumbani, na wewe ukanitania kwamba sipendi siasa.

Spesiyoza alimaliza kidato cha nne akarudi Katumba, akaolewa. Sijui kama alipanda treni tena. Unamfahamu. Ni yule mama mrefu wa maharage pale sokoni, ambaye kila ukienda kununua anakujazia kopo mpaka linamwagika halafu anaongeza kiganja. Ulinisimulia kwamba mikono yake ni mirefu ajabu. Aliona siku ile, Kabula, alijua tangu Ijumaa, na hajawahi kunitamkia neno. Ananizidishia maharage. Nami kwa miaka yote hii napokea na kusema asante mama, kama hakuna kitu. Kesho nikitoka stesheni nitapitia sokoni. Nimeanza na wewe kwa sababu wewe ni mwanangu, huna pa kukimbilia.

Na ile shule ya Ufipa? Mwaka ule walimaliza bila kushinda hata mechi moja uwanjani, kwa sababu ile moja ambayo wangeweza kushinda niliizamisha mimi. Mwaka wa pili nasikia walifungwa, ila wakashinda kidogo. Waliendelea kwenda, lori likikwama wanasukuma. Nisikufiche, unawajua hata hao. Ni wale wa jezi za kijani waliowafunga nyie mwaka juzi kwenye mashindano ya kanda. Ulirudi nyumbani umevimba macho, ukajitupa kitandani, ukaniambia, "Mayu, wale ni wakongwe, hawafungiki." Nilikuwa nimeshika kibatari mlangoni. Nilitaka kukuambia kwamba niliwaona wakiwa wapya, na matope magotini. Nikazima taa nikaondoka.

Kwa hiyo sasa nikujibu swali lako, ng'wanawane, mwanangu, kama nilivyopaswa kulijibu Jumapili.

Mtafungwa. Mwaka wa kwanza mtafungwa na vyuo vikongwe, na mara nyingi itakuwa kipindi cha pili, kwa sababu wao watakuwa na watu wa kuwapumzisha wenzao na nyie mtakuwa na pumzi zenu tu. Watakuwa wanajua kona ya uwanja ambapo mpira haudundi sawasawa, na nyie mtaijua mkiwa mnarudi nyumbani. Watu watacheka kitu mnachokifanya bila kujua kwamba kinachekesha. Sijui kitakuwa nini, lakini kitakuwepo. Mechi moja ambayo hamkuitarajia mtashinda, pengine kwenye uwanja wenu, pengine mvua ikinyesha, na mtarudi bwenini mkiwa wazimu.

Hizo zote sikuhofii. Nakuhofia zile mechi mbili, za vyuo wenzenu vipya. Watakuja au mtakwenda, na wote mtakuwa mmefungwafungwa, na siku mbili kabla utaanza kuhisi tumbo. Kichwa chako ni chepesi, kitakuletea sababu nzuri sana. Mguu unauma. Mtihani uko karibu. Mwenzangu anastahili kupewa nafasi. Sababu yangu mimi ilikuwa nzuri kiasi kwamba hata Sista aliisifu. Ukiona unapata sababu ambayo hakuna mtu anayeweza kuibishia, mwanangu, kaa chini ujitazame. Wewe umenirithi mimi miguu, na nina wasiwasi umenirithi na tumbo.

Sikulazimishi kucheza. Ukiona kweli mpira umekutoka moyoni, raba hizo mpe mwenzako asiye nazo, sitauliza. Lakini usiziache uvunguni kwa sababu mama yako alisema neno moja la uchungu akipukuchua mahindi. Hilo nalifuta. Na kumbuka hutakuwa peke yako kwenye timu ile. Kuna mtu utakayecheza naye ambaye ligi hiyo ni kitu kikubwa kwake kuliko mpira, na huenda hatakuambia. Mimi niliambiwa, nikamwaga maji vile vile.

Utakaponijulisha siku ya mechi na wenzenu wapya, nitaomba ruhusa kazini, kwa mwalimu mkuu wangu, nipande treni. Baba yako ameshaniuliza kwa nini nachagua mechi ya vyuo dhaifu badala ya ile ya mabingwa. Nimemwambia nauli ni ile ile. Nitakuwa mama aliyevaa kitenge cha njano, na nikiona walimu wenu wamekaa nitapiga magoti kuwaamkia, kwa hiyo jiandae kuona aibu.

Jambo la mwisho. Tangu baba yako akuchongee ile nguzo ya mninga na kufunga pete ya pipa hapo uani, nimekuwa nakusiribia uwanja wako, na umekuwa ukinitania kwamba mama yako ana mwiko wa Ijumaa. Upasuke, uchimbike, Ijumaa sigusi. Sasa unajua. Leo ni Ijumaa, uwanja una nyufa tangu wiki iliyopita, na asubuhi baba yako alisema niusiribe upendeze kwa sababu unaondoka. Nilikataa. Hakunielewa, nami sikumweleza.

Nasikia kengele ya baiskeli yenu pale kwenye kona. Jua bado lipo. Hujawahi kuniona nikiugusa mpira wako tangu uzaliwe, hata kuuokota uliponiangukia mbogani niliusukuma kwa jembe. Leo nitakuomba tucheze. Utashangaa, utatafuta raba, hutaziona, tutacheza pekupeku wote wawili. Wewe una miaka kumi na tisa na mimi magoti yangu yanalia nikipanda ngazi ya kanisa. Majirani watajaa kwenye uzio kucheka.

Uwanja ni mkavu, Kabula. Natoka nje kufungwa.

Mama yako